Tundu ya Tatu

Siku yangu ya kwanza mu roulage, ile polisi ya barabara, nilikimbiza soko nzima. Motard mumoja wa pikipiki ya kubeba watu alipita pale muzunguko wa rond-point na watu watatu nyuma yake, na mie, juu ya furaha ya uniforme mupya, nikapiga filimbi. Wamama wakaacha mihogo chini, maduka zikafungwa, watu wakalala mu mufereji. Motard yeye akaongeza mwendo.

Komanda akaniita. "Mama, weye ni wa hapa ao ulitoka mwezini? Hapa filimbi ilikuwa inalia, kiisha watu wanakatwa panga. Vita imenyamaza juzi tu. Toa ile kitu mu kinywa."

Basi tukafanya kazi bila filimbi. Unasimama katikati ya barabara, unanyoosha mukono, unaomba Mungu pikipiki isimame. Na amende, ile faini, ilikuwa ya kubishana mupaka magaribi. Ndiyo komanda akapatana na wakubwa ya motards: kila motard iko na karte, kadi yake, akikosa tunaitoboa tundu moja na ile mashini ndogo ya kutoboa makaratasi. Tundu tatu, moto, ni kusema pikipiki, inalala ku komisaria ya polisi mwezi muzima. Weye kijana mwenye unavaa uniforme leo unaita ile tundu pointi.

Kulikuwa motard mumoja wa kule Shari, tulimuita Kimya, juu hakukuwa anasema sana. Alitoka mu pori, akaweka bunduki chini, akanunua moto. Karte yake ilikuwa na tundu mbili. Asubuhi moja akapita upande wenye kukatazwa, kidogo agonge mama mwenye kubeba mutoto. Nikanyoosha mukono. Akasimama, akanipatia karte yeye mwenyewe.

"Toboa, mama," alisema pole pole. "Lakini kwako nakujua. Rwambuzi, mulango ya bleu."

Nikaenda kwa komanda, alikuwa mu gari yake pale kando.

"Ukimuacha huyu," aliniambia, "kesho utatoboa nani? Wale wenye hawawezi kukutisha?"

"Na watoto yangu, komanda?"

"Mie pia niko na watoto. Toboa."

Nikatoboa. Moto yake ikapelekwa ku komisaria.

Kutoka siku ile niliogopa hata kivuli yangu. Leo narudi kwa njia ya Ngezi, kesho nyuma ya kanisa. Moto yote yenye kupunguza mwendo karibu na kwangu, moyo unaniruka. Nilipaka ule mulango rangi ya kijani, ujinga tu, nyumba haihame.

Mwezi ulipoisha, magaribi, moto ikasimama inje. "Hodi." Ile sauti niliijua. Nikasukuma watoto mu chumba, nikasimama nyuma ya mulango.

"Ni mie, mama, wa Shari. Wamenirudishia moto, lakini tundu zingali mu karte. Naogopa wenzako watanikamata tena. Utanipatia karte ingine?"

"Kuja kesho ku rond-point," nilimujibu. Sikufungua.

Sasa niko retraite, nilimaliza kazi. Kimya ndiye ananipeleka kanisani na moto yake kila dimanche, na hatake nilipe. Anapenda kunichokoza: "Mama, siku ile hata maji ya kunywa haukunipatia." Tunacheka wote wawili. Sijamwambia kwamba nyuma ya ule mulango nilishika panga, na kama angesukuma hata kidogo, ningemukata.