Marahaba ya Ng'ambo

Mombo wanamwita mwalimu wa reli, na Mwanaidi, muuza mapeasi kando ya kivuko, alikwisha kumpima: mwanamke mwenye maringo. Watoto wakimwamkia shikamoo naye yuko juu ya reli, hajibu. Hutazama kushoto, hutazama kulia, huvuka taratibu kama kiziwi, na akishafika ng'ambo ndipo hugeuka akamjibu kila mtoto marahaba yake, bila kuruka hata mmoja. Sasa huyo kafundwa na nani?

Leo mwalimu alipumzika kibandani kwa Mwanaidi, akampa mjukuu wa muuzaji huyo simu acheze mchezo wa katuni anaofundishia usalama wa reli shuleni: mbuzi mdogo mwenye sare, avushwe reli kabla treni haijafika. Mbuzi alipofika katikati, ng'ambo akatokea babu mwenye mkongojo. Mtoto akainua kidole, mbuzi akasimama.

"Mvushe!" Mwanaidi akapiga kelele.

"Ngoja kwanza, bibi, anamwamkia babu."

Treni ikapita. Mwalimu hakukaripia. Alifunika kioo kwa kiganja kabla mchezo haujamfufua mbuzi.

"Watoto wa huku wote humpoteza hapo hapo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mmewalea vizuri mno."

Akachukua simu yake, akaaga, akashika njia. Mwanaidi akakumbuka hajampa hata peasi moja. Akainuka kumwita, akaona mguu wa mwalimu umeshakanyaga reli. Jina likamfika mdomoni. Akalishikilia hapo, mpaka mwalimu akawa ng'ambo.