Kutu, Nyanya na Zamu ya Maji

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikitengeneza baiskeli Voi, na hakuna kazi niliyoipenda kama kusugua kutu. Rimu moja ningeweza kukaa nayo asubuhi nzima, hadi mwenye baiskeli aulize, "Unaitengeneza au unaichumbia?" Sikuweza kuacha. Doa moja likibaki, nakosa usingizi.

Shule niliiacha darasa la saba, hivyo nilijisomea magazeti makuukuu ya sayansi, kamusi pajani. Siku moja nikasoma kwamba oksijeni inayotutia uhai ndiyo inayokula chuma na kuchachisha mafuta. Kisha hili: baadhi ya wataalamu walishuku kuwa ndiyo pia inayochakaza ubongo wa wazee, maana ubongo umejaa mafuta na huitumia hewa hiyo kwa wingi. Niliangusha spana, nikaruka. Kutu! Kutu yangu mwenyewe!

Nyanya yangu, mama yake baba, aliishi Mboghoni, karibu na Taveta. Kule maji ya mfereji huenda shambani kwa zamu, na mara mbili alikuwa amefungua zamu ya jirani. Hakuna aliyeamini kwamba amesahau, yeye aliyekuwa akizijua zamu za watu wote kwa kichwa. Walimwita mwizi. Jumamosi wangekutana wamnyang'anye maji, na bila maji migomba yake ingekufa. Migomba hiyo ndiyo ilikuwa bado ikimtoa kitandani.

Nikapanda garimoshi la Taveta na chupa mbili: msumari ndani ya maji, umeota kutu; msumari ndani ya mafuta, unang'aa. Njia nzima nilirudia hotuba yangu. Nakiri, nilijihofia na mimi. Kila niliposahau nilipoweka kitu, nilijiambia, imeanza.

Kikao kilikaa kwenye banio la mfereji, pale maji yanapogawanywa. Nikainua chupa zangu, nikaeleza. Mzee wa mfereji, msimamizi wa zamu, akazitazama kwa makini.

"Kwa hiyo tumloweke nyanya yako kwenye mafuta?"

Watu walicheka. Nyanya alicheka kuliko wote. Hotuba ikanipotea. Nikainamisha macho, nikaona maji yakipita miguuni, na hapo nikaelewa nilichokuwa nimesoma.

"Sikilizeni! Mwili ukitumia hewa ile, hubaki chembe zenye upungufu. Hizo hazingoji zamu. Humnyang'anya jirani. Jirani akishanyang'anywa, naye humnyang'anya wa chini yake, mpaka..."

"Mpaka wa mwisho akauke!" alidakia mama jirani, aliyemshtaki nyanya. "Si ndivyo ilivyokuwa? Yeye alifungua yangu, nami nikafungua ya..."

"Ya nani?" mzee akauliza.

"Ningefanyaje, mzee? Maharagwe yalikuwa yanakufa!"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Mzee akanigeukia.

"Mfereji una walinzi. Mwili hauna?"

"Unao, mzee. Uzeeni huchoka."

"Na dawa?"

"Sijui. Hata walioandika hawajui. Hata hili lenyewe bado wanalichunguza."

Sikuwa nimewahi kusema "sijui" mbele ya watu. Nilingoja ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa kilo kamili.

"Basi kama walinzi wake wamechoka, mlinzi ni mimi," mama jirani akasema. "Zamu yangu inafuata ya kwake. Nitampitia."

"Maji yabaki kwake," mzee akasema. "Lakini ukimsahau, mama, tutakuloweka wewe."

Zamu ya nyanya ilikuwa alasiri hiyohiyo. Mama jirani akasimama mlangoni. "Haya, mama, maji yako yamefika!" Nyanya akachukua jembe. Akakata tope, akaziba njia ya chini kwa kipande cha mgomba, akakanyaga kwa kisigino, maji yakageuka yakaingia shambani. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Kutu ilikuwa haijafika kwenye mikono hiyo!

Akaniangalia. "Kijana, wewe wa nani?"

"Wa kwako, nyanya."

"Basi toka hapo, unanikanyagia tuta."

Nikashuka mferejini. Tone moja lilikuwa likipenya pembeni mwa kizibo, nikachota tope nilizibe.

"Liache," akasema. "Wa chini naye anywe."

Nikaliacha.