Siku Tulipotalii Didia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumatatu ya Pasaka katika miaka ile ya tisini, nilipoamua kuwapeleka wanangu kutalii. Usicheke. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka minane, na kalenda ya ukutani kwetu Shinyanga mjini ilikuwa na picha ya Wazungu wenye kofia pana wakitazama simba. Kila siku Doto ananiuliza, mama, mbona sisi hatutalii? Mshahara wangu wa ualimu haukutosha hata nauli ya kumfikia huyo simba. Basi nikasema tutatalii Didia, kwa babu yao mzaa mama.

Tulijiandaa hasa. Niliazima kamera kwa mwalimu mwenzangu, nikawanunulia watoto kofia dukani kwa Mhindi, nikajitangaza kiongozi wa msafara. Mimi mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Didia, nani angenionyesha njia? Nilikuwa najiona, mwanangu, wacha nikwambie ukweli.

Baba alitupokea, tukamwamkia, akanywa chai nasi. Akachukua fimbo yake ili atusindikize. Nikamwambia apumzike, huku ni kwetu, napajua. Akairudisha fimbo mlangoni.

Njiani watoto waliuliza mpaka midomo ikakauka. Mti huu unaitwaje? Kichuguu hiki nani anakaa ndani? Yule ndege anamlilia nani? Niliyoyajua niliyajibu, nisiyoyajua niliyatunga. Mti mmoja niliupa jina la Kilatini ambalo hata leo sijui nililitoa wapi.

Ndipo Kulwa akaona jiwe kubwa, linapanda kama ngazi. Mbele yake palikuwa na majani marefu yanayofika magotini, yamezungushiwa matawi ya miiba. Nilipoondoka Didia kwenda shule ya bweni, pale palikuwa vumbi tupu. Nikadhani ni uzio wa shamba lililoachwa. Nikayavuta matawi pembeni, tukapita, na sikuyarudisha, maana tungetokea hapo hapo. Tulipanda jiwe, tukala viazi, nikawapiga picha na kofia zao. Lo, tulifurahi!

Tuliposhuka tulikuta ng'ombe zaidi ya thelathini ndani ya yale majani, wanakula kwa raha zao, na mchungaji wao anawakimbilia akipiga mayowe.

Ile ilikuwa ngitili, mwanangu. Ni malisho ambayo kijiji huyafunga mvua zikianza, asiingie hata ndama, mpaka kiangazi kikali majani mengine yakiisha. Miaka miwili nyuma ukame ulikuwa umeua nusu ya ng'ombe wa baba, na wa wengine vilevile. Ndiyo maana walirudisha desturi ile ya mababu, na mlinzi waliyemchagua alikuwa baba yangu. Mimi sikuyajua hayo. Sikuwahi kuuliza.

Jioni haijafika, wazee wawili walikuwa wamekaa uani kwa baba. Walisalimia vizuri, wakauliza afya za watu wa mjini, kisha wakauliza nani kafungua uzio. Baba alitazama gauni langu lililochanwa na miiba. Akasema, "Nimefungua mimi. Nilipita asubuhi, nikasahau kufunga."

Wale wazee walisikitika. Mmoja akasema kwa upole kwamba mlinzi anayesahau hawezi kuendelea kulinda. Nami nikanyamaza, mwanangu. Mwalimu mzima! Niliona aibu mbele ya wanangu, nikaona heri aibu ibaki kwa baba. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Doto akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Mama, mbona babu anasema uongo?"

Nikapiga magoti mbele ya wazee, nikasema yote. Walijadiliana kidogo. Baba akabaki na ulinzi wake, lakini nyumba yake ilitozwa mbuzi, na siku ya kufungua malisho ng'ombe wake wangeingia wa mwisho, baada ya wengine kula kilicho kizuri. Mimi nikaambiwa nikazibe pale kwa mikono yangu, kabla jua halijazama.

Baba alinifuata. Tulikuwa tukiburuta matawi aliposema, taratibu, akiniita mayu, yaani mama, kama alivyoniita tangu utoto: "Mayu, wanao walikuja hapa kama wageni, wakauliza. Wewe ulikuja kama mwenyeji, ukafungua. Ungeniuliza swali moja tu."

Nililia, halafu nikamuuliza miiba ile ni ya mti gani. Akaweka tawi chini, akanieleza jina lake, dawa yake, na mahali ng'ombe wanapoutafuta. Watoto wakasogea, nasi tukauliza na kuuliza, mpaka basi la mwisho la mjini likatupita.

Mwanangu, kiangazi kile ng'ombe wawili wa baba walikufa. Hakunilaumu hata mara moja, na mimi nimejilaumu kwa niaba yake. Kwa hiyo nakuusia: ukirudi nyumbani, uliza. Waulize walio hai, usione haya kwamba umesoma, wala usijidai kujua kwa sababu ulizaliwa pale. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla mzazi wako hajabeba kosa lako. Mungu akuweke, akukutanishe na wazee wenye subira, na akupe muda wa kuwauliza wangali wapo.