Habu Nyekundu Niliyoichagua kwa Macho

Siku moja ya mavuno ya ulezi haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Jana uliponionyesha kwenye simu baiskeli ya gia unayotaka kuunda ili ushuke nayo milima yetu, ukaniuliza ununue habu gani ya gurudumu kwa hela kidogo uliyonayo, niliinuka nikatoka nje. Ulidhani sijui. Nilikuwa namsikia dada yangu Robhi akilia mgongoni kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nilikuwa na baiskeli ya gia ya mtumba, iliyovuka mpaka pale Sirari, na kila asubuhi nilishuka nayo mlima na madumu ya maziwa hadi Kewanja. Vijana wote wa huku juu walinijua kwa mwendo wangu. Nilipenda kujulikana, sikufichi. Habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoku zote, ilipochakaa, nikaenda Tarime sokoni kwa fundi Okello, mzee aliyekuwa akitengeneza baiskeli tangu baba yangu akiwa kijana.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Akaweka mbele yangu habu mbili. Moja ilikuwa ya chuma, ya kijivu, imetolewa kwenye gurudumu kuukuu. Nyingine ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa, nyepesi mkononi. Bei zake zilikaribiana.

"Shika ekseli, zungusha," akaniambia. "Sikiliza."

Ile ya kijivu ilizunguka kimya. Nyekundu ilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mchanga kwenye meno.

"Hiyo ni kavu ndani, na chuma chake ni laini," akasema. "Ni ya kwenye lami. Kwa mlima wenu, mura, kijana wangu, chukua hii mbaya."

Nikacheka. Nikachukua nyekundu.

Mwezi haukuisha. Nilikuwa nyumbani nikiosha madumu nikasikia yowe la mama kutoka shambani. Nilipofika, Robhi alikuwa ameketi chini ameshika mguu, na mama anaponda nyoka, kifutu, kwa mpini wa jembe. Mguu ulikuwa tayari unavimba. Siku hizo bodaboda hazikuwepo huku juu, na kituo cha afya kilikuwa bondeni. Mama akampakia Robhi nyuma yangu, akamfunga kiunoni kwangu kwa kanga.

"Nenda," akasema. "Nenda tu."

Mteremko wetu unaujua, mawe na makorongo. Kabla hatujafika nusu yake, ule mkwaruzo ukaanza. Kisha ukawa mlio. Nikaanza kusikia gurudumu linayumba chini yetu, linagusa breki huku, linagusa kule.

"Kaka, baiskeli inalia," Robhi akasema.

"Najua. Nishike."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusimama, mwanangu. Ningeshuka nikambeba, tungechelewa, lakini tungefika wazima. Ila mbele kidogo kulikuwa na vijana wenzangu wanachunga ng'ombe, na mimi nilikuwa yule wa habu nyekundu. Nikaachia breki.

Tuliwapita. Kwenye kona ya pili, sikio la habu linaloshika spoku likapasuka. Gurudumu likajikunja. Tuliangukia mawe sote wawili, tumefungwa pamoja, na mkono wa Robhi ulikuwa chini. Nilisikia ulivyovunjika.

Nikafungua kanga, nikamweka mgongoni, nikaanza kukimbia. Hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimwita jina kila hatua. Nikasikia kengele nyuma yangu: Mwita, mzee wa kijiji chetu, akishusha ndizi sokoni kwa baiskeli yake nyeusi ya kizamani. Hakuuliza kitu. Akakata kamba, mikungu ikabiringika korongoni.

"Mpandishe!"

Nilikimbia nyuma yao mpaka nikawapoteza machoni.

Robhi alipona sumu. Mkono ulipona umepinda. Alikuwa msusi, wanawake wa Nyakunguru walikuwa wanapanda mlima kumfuata, na tangu siku ile hakuweza tena kuuinua ule mkono juu ya bega.

Nilipeleka vipande vya habu kwa fundi Okello. Akavifungua mbele yangu. Gololi zilikuwa zimekula chuma mpaka kimekuwa kama unga.

"Nilikuambia usikilize," akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi usije ukamwambia mtu kwamba hukujua."

Akaendelea na kazi yake. Ningefurahi kama angenitukana.

Miaka ilipita kabla sijamwambia Robhi ukweli. "Nilikuwa nimefungwa kwako," akasema. "Nilisikia ulivyovuta pumzi ukataka kusimama. Halafu hukusimama." Amenisamehe. Mimi ndiye bado sijajisamehe.

Kwa hiyo, mwanangu, usione aibu kununua habu ya bei ndogo. Aibu ni kununua sura. Zungusha ekseli kwa vidole, na ikikwaruza, iache. Itikise pembeni, na ikicheza, iache. Tafuta yenye ekseli nene ya chuma, masikio manene, na mpira unaozuia vumbi na tope letu, na gololi zake ziwe za kupatikana hapa hapa Tarime, maana za kuagizwa mbali zitakulaza ndani msimu mzima. Ya mtumba iliyotunzwa si dhambi. Mvua zikiisha, ifungue uipake grisi mpya. Na chuma kikikulilia mlimani, shuka. Shuka hata kama kijiji kizima kinakutazama.

Mungu akupe masikio ya kusikia mapema na moyo wa kutii ulichosikia. Akutangulie kwenye kila kona, na kila utakayempakia nyuma yako umfikishe mzima kwa mama yake.