Hisa Zangu Zimezaa

Jamani, leo baba mkwe kaninyang'anya hisa kwa sheria ya mbuzi!

Nimekimbilia intaneti kafe hapa Temeke kuja kushtaki kwenu.

Iko hivi. Kampuni yenye hisa zangu imetenga kiwanda chake kimoja, kikawa kampuni mpya. Sie wenye hisa tukapewa na hizo mpya, bure.

Nikakaa kwenye kompyuta, kwenye ile programu ya hesabu za nyumbani, nigawanye bei niliyonunulia: sehemu ibaki kwa kampuni mama, sehemu iende kwa hiyo mpya, mtoto.

Baba mkwe, mfugaji wa mbuzi kule Chanika, akachungulia. Nikajifanya mtaalamu.

"Baba, hisa zangu zimezaa."

"Nani anazichunga?"

"Mwanao. Yeye ndo anaingizaga bei mpya humu."

"Basi mzao wa kwanza ni wa mchungaji."

Mke wangu katoka jikoni na mwiko, vigelegele!

Nikabisha: "Na bei yake je, baba?"

"Mtoto wa mbuzi alinunuliwa wapi?"

Sasa nikitaka kumhamishia mke wangu hizo mpya, programu inataka nichague: nimenunua au nimeuza. Pa kuandika "mkwe kaamua" hamna.

Nyie mngebonyeza wapi?