Dizeli ya Baba, Petroli ya Baba Mdogo

Mwezi uliopita kijana wangu alinipeleka kwenye uwanja wa magari hapa Arua, upande wa barabara ya Vurra, akanionyesha mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu. "Mama, chagua. Hii petroli, hii dizeli." Alikuwa amemleta na baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba, mzee sasa wa kofia nyeupe na fimbo, kwa sababu kwetu gari halinunuliwi mpaka mzee wa ukoo aweke mkono juu ya boneti. Mzee akaweka mkono. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeongea habari za mvua: "Chukua petroli, mujukuu. Babu yako alikuwa na dizeli. Askari walichukua."

Maneno hayo nimeyasikia kwenye arusi, kwenye matanga, kwenye Idi zote tangu turudi kutoka ukimbizini, na kila mara nimeinamisha kichwa nikaendelea kumwaga chai. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tano, vita ikanimalizia masomo. Lakini kuandika ninaweza, na kukumbuka ninaweza zaidi. Basi kaa hapa karibu, nikueleze habari za gari lile, na nani alilichukua.

Gari lilinunuliwa kwa sababu ya miguu ya bibi. Tulimwita Haboba, kama Wanubi wote wanavyomwita bibi yao. Miguu yake ilikufa kabla mimi sijaanza shule. Akawa mtu wa kitandani na mkekani, anasuka masinia ya ukili wa rangi, nyekundu na zambarau, vidole vinakwenda mbio kama vinalipa deni la miguu. Dada yake wa pekee alikaa Koboko. Kabla ya hapo walikuwa wanatembeleana kila Idi, na sasa Idi ilikuwa inapita, Haboba anageuza uso ukutani. Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa, mwenye duka la nguo karibu na soko alikuwa anauza magari yake mawili. Haboba akavua bangili zake za fedha, mkono huu na mkono ule, akampa baba. "Nenda uniletee miguu," akasema.

Baba alimlipa yule Mhindi mkononi, wakapeana mkono. Wako majirani waliochukua funguo za watu bila hata salamu. Ninawajua, na watoto wao wanajua kwamba ninawajua.

Magari yenyewe: moja jeupe, la petroli, linang'aa mpaka unajiona meno. La pili rangi ya majivu, refu la nyuma, la dizeli, likiwaka linatikisika lote kama mtu mwenye homa. Siku ya kuamua mama alikaanga gurusa, ile mikate yetu laini yenye vitundu, tukala na asali na chai ya tangawizi uani, watu wazima wakabishana. Baba mdogo alikuwa kijana wa miwani ya jua, rafiki wa maofisa, kiatu chake kinasikika kabla yeye hajafika.

"Kaka, dizeli ni ya trakta," akasema. "Mutaweka mama yangu kwa trakta? Ikiwaka hapa, hata watu wa kule mbali Dadamu wanaamuka."

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kusaga unga, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mashine yangu inakunywa dizeli, na dizeli ya mashine inakuja, hata kidogo. Petroli iko kwa mutu ya bunduki. Siku atasema hapana, gari nyeupe itakuwa nyumba ya kuku."

"Mafuta ni mafuta, kaka. Mimi najua watu. Nitaleta."

Haboba alikuwa anasikiliza na sinia lake mapajani. Akamwambia, "Trakta iko na magurudumu. Wewe nimekuzaa na miguu mizima, bado hujanifikisha Koboko hata mara moja. Leteni ya majivu."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Baba mdogo hakucheka. Wiki ile ile akalinunua lile jeupe, ofisa mmoja jirani yetu akimshika mkono, na jioni akawa anapita mbele ya nyumba yetu akipiga honi.

Wewe uliyezoea magari ya siku hizi hujui dizeli ya zamani. Haikuwaka hivi hivi. Unageuza ufunguo nusu, unangoja. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitundu, na ndani yake waya uliojikunja. Waya ule mpaka uwe mwekundu kama kaa la moto, ndipo unageuza ufunguo mpaka mwisho. Ukiwa na haraka unapata kukohoa tu. Baba hakuwa na saa ya mkononi. Alipima kwa Fatiha moja, isomwe kwa utulivu tangu Bismillahi mpaka amina. Basi sisi wote ndani ya gari tulisoma pamoja: Haboba mbele na mto wake, mama na watoto nyuma, harufu ya samaki mkavu na simsim ya kumpelekea dada wa Koboko. Tukisema amina, waya mwekundu, gari linanguruma. Mpaka leo nikisikia watu wanasoma Fatiha, masikio yangu yanangoja injini.

Na njia ile ya Koboko, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mawe yanagonga chini, Haboba anasalimia kila mtu dirishani, hata mbuzi. Akifika, dada yake anatoka akipiga vigelegele, wanaketi kwenye mkeka mmoja goti kwa goti, wanasuka sinia moja, huyu upande huu, huyu upande huu, mpaka mikono yao inakutana katikati. Masinia mengi waliyaacha nusu, yamalizwe Idi inayofuata.

Miaka ikaharibika. Petroli ikaota mabawa. Kwenye kituo cha mafuta karani mwenye vibali alikuwa anawaona marafiki tu. Nyinyi wengine mlilala kwenye foleni na mikebe yenu, asubuhi anafunga dirisha. Gari jeupe likawa linalala zaidi kuliko kutembea. Letu la majivu lilitembea kidogo kidogo, kwa dizeli ya mashine. Lakini wezi walikuwa wengi, na mwizi mkubwa alikuwa mtu wa kuvaa sare. Kila jioni, kabla ya magharibi, baba alitoa dizeli kwenye tangi kwa mpira, akaacha ya kulamba tu chini ili hewa isiingie. Anayevuta mpira kwa mdomo nilikuwa mimi, kwa sababu baba alikuwa anakohoa. Nilitema, nikasugua ulimi kwa limau na majivu, na bado ugali wa muhogo ulikuwa na ladha ya dizeli. Jerikani tuliisukuma chini ya kitanda cha Haboba. Nani angemwinua bibi asiyetembea? Nguo zake, nywele zake, mto wake, vyote vikanukia dizeli. Alisema, "Mimi sasa ni kituo cha mafuta." Nilijifunza kutofautisha kwa pua, macho nimefumba: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Kazi hiyo nilipewa hasa, ninuse kila jerikani kabla haijamwagwa, maana petroli ikiingia kwenye injini ile inaua pampu.

Halafu ikaja sabini na tisa. Askari waliokuwa wanakimbia kutoka kusini wakaingia Arua, na nyuma yao wale wengine waliokuwa wanawafukuza. Ofisa jirani, rafiki mpendwa, ndiye alikuwa wa kwanza kuja kwa baba mdogo. Akachukua gari jeupe mchana kweupe, akapakia wake zake na redio zake, akaondoka. Hilo ndilo gari walilochukua askari. Baba mdogo akabaki na jerikani mbili za petroli, na hana pa kuimwaga.

Kesho yake mchana askari wawili wakaja kwetu. Mmoja akadai ufunguo, akaingia kwenye gari la majivu, akageuza mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa hasira. Gari likakohoa. "Hii iko maiti," akamwambia mwenzake, akatupa ufunguo chini, akapiga mlango teke, wakaenda. Sisi tulikuwa tumesimama barazani, midomo imefungwa. Baba mdogo alisimama na sisi. Alikuwa ameona yote.

Baba akasema tutaondoka asubuhi, Koboko kwanza, tumchukue dada wa Haboba, halafu tuvuke mpaka. Usiku hakurudisha dizeli kwenye tangi. Alisema ataimwaga mwisho kabisa, mizigo ikishafungwa. Ufunguo ulirudi ndani ya kikapu cha Haboba, mahali pake pa siku zote.

Baada ya sala ya alfajiri mimi nilikuwa jikoni nachochea moto. Nilimsikia baba mdogo akiingia kwa mama yake. "Mama, nipe ufunguo nipashe gari moto. Kaka anafunga magodoro." Na kweli baba alikuwa nyuma anafunga magodoro. Haboba akampa. Angefanyaje? Ni mtoto wake. Kisha nikamsikia Haboba anasoma Fatiha peke yake kitandani, kwa sauti, akimpimia. Akasema amina, gari likawaka. Akaniita kwa furaha: "Binti, njoo univalishe, tunakwenda."

Nilipofika mlangoni niliona taa za nyuma. Mke wa baba mdogo alikuwa mbele, pale penye mto wa Haboba. Gari likakunja kuelekea barabara ya Koboko.

Mama alikaa chini, akashika kichwa. Baba akaenda kwenye mashine, akarudi na mkokoteni wa magunia. Akatandika godoro juu yake. Akambeba Haboba kama anavyobebwa bibi arusi, akamlaza, na chini ya miguu yake akaweka ile jerikani ya dizeli. Mama akamwambia, "Dizeli ya nini, na gari halipo?" Baba akasema, "Gari iko mbele yetu. Tangi ni kavu." Basi. Tukasukuma. Baba na mama nyuma, mimi na kamba begani mbele.

Tulisukuma siku hiyo na siku ya pili. Watu walikuwa barabarani kama siafu, na kuku, na cherehani vichwani. Magurudumu yalilia, Haboba hakulia. Kila kilima alituambia, "Bado kidogo," kama vile yeye ndiye anayevuta.

Gari tulilikuta bondeni, karibu na kijito, pua kwenye majani, boneti wazi. Hakuna mtu, ufunguo ameuacha ndani. Kando yake jerikani mbili tupu. Baba alinitazama tu. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikaweka pua. Petroli. Mafuta ni mafuta, alisema siku ile ya gurusa, na barabarani alikuwa bado anaamini hivyo, au alidhani litamfikisha Koboko basi, likifa baadaye ni shauri letu.

Baba alifanya kazi mpaka jua likaelemea. Akamwaga petroli yote kwenye nyasi, akafungua mabomba, akatoa hewa, akaweka dizeli yetu. Akamketisha Haboba kwenye kiti chake cha mbele. Tukasoma. Waya ukawa mwekundu kabisa, mzuri, kama zamani. Baba akageuza ufunguo. Chuma kikasaga chuma. Tukasoma mara ya pili. Mara ya tatu mama hakuweza kumaliza.

Haboba aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha pale. "Pampu imekufa?" akauliza. "Imekufa, mama." "Basi niteremsheni. Mkokoteni haitaki pampu."

Tulifika Koboko. Dada yake alikuwa ameshavushwa na wanawe, watu wakatuambia jana tu, asubuhi. Siku moja, ndugu yangu. Kwenye mkeka wake tulikuta sinia la nusu, ukili umelowekwa tayari. Haboba alilichukua, akavuka nalo Sudani juu ya mapaja yake. Akalisuka upande wake mpaka katikati, akaishia hapo, akafa kabla ya mvua nyingine. Dada yake hakumwona tena. Kabla hajafa alituita sote: "Yule ni mtoto wangu. Musimuseme." Baba alitii mpaka kaburini. Mimi nimetii miaka yote hii, na ndani ya kimya hicho yule mzee amejijengea nyumba, anaishi.

Leo nasema. Askari walitufanyia mengi na watayajibu yao, lakini hili si lao. Gari la Haboba lilichukuliwa na mtoto wake wa tumbo, baba yangu mdogo, anayeswali safu ya mbele.

Pale uwanjani nilimwambia mbele ya kijana wangu, "Baba mdogo, mwambie mjukuu wako ukweli. Nani alichukua ile dizeli?"

Akachora chora chini kwa fimbo. "Binti yangu, yale yalikuwa mambo ya vita."

"Mambo ya vita hayakuingia chumbani kwa Haboba kuomba ufunguo."

Kijana wangu alitutazama mmoja mmoja. Atauliza, na nitamsomea karatasi hii. Nikamwambia, "Dizeli. Na ufunguo utakaa kwangu."

Tukaingia, mimi mbele, mzee nyuma na fimbo yake. Sikuwa na dizeli puani tena, magari haya yananukia plastiki. Yale masinia hayasukwi tena na watu wawili. Mashine ya baba imekuwa duka la simu. Kijana akagusa kitufe, na midomo yangu ikaanza yenyewe, lakini dizeli za siku hizi hazingoji mtu. Liliwaka nikiwa bado aya ya pili.

"Twende, mama?"

"Ngoja," nikasema. Nikaisoma yote, polepole, kwa kipimo cha baba. Nilipofika mwisho nikasubiri amina kutoka kiti cha nyuma. Nilisubiri sana. Kisha nikaisema mwenyewe, tukaondoka.