Chumvi Inayoteleza

Niliolewa Masisi nikitoka msitu wa Walikale, na siku ya kwanza kumpikia mama mkwe, maharagwe yalikataa kuiva. Yalikuwa ya mavuno ya zamani, makavu kama changarawe, na wageni walikuwa wameshatoka kanisani. Bibi arusi anayelisha wageni maharagwe magumu husemwa mpaka uzeeni.

Nikafungua kifurushi cha chumvi ya kwetu. Tunachoma majani ya bwawani, tunachuja majivu kwa maji, kisha tunachemsha maji hayo mpaka zibaki chembe za kijivu. Mama mkwe akalowesha kidole, akachovya, akasugua. Kiliteleza.

“Iyi iko sabuni,” akasema. “Maji ya majivu njo tunafulia nayo manguo. Unataka wageni watoke povu ku kinywa?”

“Mama, kwetu njo chumvi. Inalainisha chakula.”

“Basi tia. Lakini wewe njo utakula wa kwanza.”

Nikatia kidogo tu, maana ikizidi inachoma ulimi. Mchuzi ukakolea rangi, maganda yakaanza kupasuka. Nikala mbele yake. Haragwe likayeyuka mdomoni, na uchungu wake ulikuwa mdogo, kama wa mboga changa.

Mama mkwe akaonja, akaonja tena. Kisha akaenda mlangoni mwenyewe.

“Mukaribie,” akawaambia wageni. “Muke wetu amepika.”

Nikaketi kwenye kigoda, na ndipo nilipohisi jinsi miguu yangu ilivyochoka.